Kiti Kwanza, Onyesho Baadaye: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Majukwaa ya London

Barua nyingi za msimu huu zimetoka kwa watu wenye siku tatu au nne London, na usiku mmoja au mbili tu za kwenda kutazama maigizo. Wengine wameshakwenda na wamerudi na maoni yao, mazuri na machungu. Tumejibu zaidi kuhusu maonyesho yaliyokaa miaka mingi jukwaani. Tamthilia nyingi zisizo za muziki kule West End, eneo lenye kumbi nyingi katikati ya jiji, huchezwa kwa wiki kumi na mbili hivi, na gazeti likikufikia pazia lake huenda limeshafungwa.

Tutakuwa London Agosti, mimi, mume wangu na watoto wa miaka mitano na tisa. Shemeji yangu ameiona The Lion King na anasema kwa sisi Waswahili ni kupoteza pesa: hadithi tunaijua, na Kiswahili chenyewe ni cha majina tu. Ni kweli? Na tukae wapi? (Mama wa wawili, Mombasa)

Kuhusu Kiswahili, shemeji yako amesema kweli. Simba, Rafiki, Pumbaa wa kupumbaa, Sarabi aliyepewa jina la mazigazi, na yule fisi anayeitwa Shenzi: ni majina, na sentensi mbili tatu. Ule mwito wa alfajiri unaofungua onyesho ni Kizulu, na hiyo *ingonyama* mnayoisikia ndiye simba mwenyewe. Anayekwenda ili asikie lugha yake atarudi mikono mitupu.

Hukumu yake lakini tunaipinga. Thamani ya onyesho hili iko mikononi mwa mafundi. Mwongozaji Julie Taymor aliamua kwamba mtu asijifiche ndani ya mnyama. Vinyago vya Mufasa na Scar vinakaa juu ya kichwa, uso wa mwigizaji ukionekana chini yake, kwa hiyo unawatazama mtu na mnyama kwa pamoja. Twiga ni mtu aliyesimama juu ya mironjo minne, miwili ya mikono na miwili ya miguu. Rafiki jukwaani huchezwa na mwanamke, na ndiye anayefungua mwito ule. Mtoto aliyeiona filamu mara ishirini hajaona hata kimoja cha hivi.

Sasa kiti. Onyesho liko ukumbi wa Lyceum tangu 1999. Katika dakika za kwanza wanyama, pamoja na tembo anayeendeshwa na watu wanne, hupita katikati ya watazamaji kwenye njia za chini. Aliyekaa sakafu ya chini (kwenye tiketi imeandikwa Stalls), karibu na njia, hupishana nao bega kwa bega. Aliye ghorofa ya juu kabisa, Grand Circle, huona mpangilio wa ngoma vizuri sana lakini msafara humpita huko chini asiuone. Kama fedha zinatosha kiti kizuri kimoja tu, mpe wa miaka tisa kiti cha njiani na mzazi mmoja kando yake. Na msichelewe: aliyechelewa husubirishwa nje mpaka nafasi ipatikane, naye hukosa dakika zile zile alizozilipia.

Kwa wa miaka mitano fikirini tena. Wenyewe wanapendekeza kuanzia miaka sita, na wa chini ya mitatu hawaruhusiwi kuingia. Ni saa mbili na nusu pamoja na mapumziko, kuna mkanyagano wa nyumbu na kuna kifo cha baba. Chagueni onyesho la mchana, si la usiku, na mkifika ombeni mto wa kumwinua mtoto kwenye kiti. Kumbi nyingi huwa nayo. Kwa kuwa mnakwenda Agosti, tazameni mpango uitwao Kids Week: mtoto wa miaka 17 au chini yake huingia bure akiwa na mtu mzima aliyelipa bei kamili, na wengine wawili hulipa nusu. Si kila onyesho limo wala si kila siku, na mauzo yake huanza wiki kadhaa kabla ya likizo za shule, kwa hiyo Agosti yenyewe ni kuchelewa.

Nimetafuta tiketi ya Wicked. Tovuti ya kwanza iliyojitokeza inadai pauni 240 kwa kiti kimoja. Rafiki yangu aliyeko Reading anasema yeye alilipa 35. Nani kati yetu anaibiwa? (D., Dodoma)

Huenda hakuna aliyeibiwa, na huenda ni wewe. Bei za West End hupanda na kushuka kama nauli za ndege: kiti kile kile Jumamosi usiku si bei ya Jumanne. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni kununua kwa mchuuzi aliyeongeza chake juu, na wachuuzi hao ndio hulipia tangazo ili watangulie kwenye utafutaji.

Fanya hivi. Jua kwanza ukumbi, halafu nenda kwenye tovuti ya mwenye ukumbi. Wicked, onyesho la muziki kuhusu wachawi wa Oz, iko Apollo Victoria tangu 2006; ukumbi huo na Lyceum viko chini ya kampuni ya ATG. His Majesty's, inakochezwa The Phantom of the Opera, ni ya LW Theatres. Sondheim yenye Les Misérables na Victoria Palace yenye Hamilton ni za Delfont Mackintosh. Ukinunua kwa wakala, tafuta alama ya STAR, chama cha mawakala wa tiketi wa Uingereza. Kabla ya kulipa linganisha bei iliyoandikwa kwenye tiketi na jumla unayokatwa. Ada ndogo ni sawa, lakini ikikaribia nusu ya bei ya kiti, funga ukurasa.

Njia za unafuu zipo, na tunazipanga kadiri zinavyomfaa mgeni. Ya kwanza ni kibanda cha TKTS katika bustani ya Leicester Square, upande wa kusini. Kinaendeshwa na chama cha kumbi zenyewe, na huuza tiketi za siku hiyo na za siku chache zijazo. Orodha ya kilichopo huwekwa kwenye tovuti yao, kwa hiyo itazame kabla ya kutoka hotelini. Maduka mengine ya jirani yanayojiandika “nusu bei” si kibanda hicho. Hapo ndipo wageni wengi hukosea mlango.

Ya pili ni tiketi za asubuhi, ziitwazo *rush*, zinazotolewa na programu ya TodayTix saa nne kamili asubuhi ya London kwa maonyesho ya siku hiyo hiyo. Huisha kwa dakika, na kiti huchagui, unachaguliwa. Ya tatu ni ya National Theatre, ng'ambo ya pili ya mto Thames: kila Ijumaa saa saba mchana hutoa tiketi za pauni 10 za wiki inayofuata. Hamilton nayo ina bahati nasibu ya tiketi za pauni 10. Jaribu, lakini usijenge safari juu yake.

Ukinunua ukiwa nyumbani, kumbuka saa. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, London iko nyuma yetu kwa saa mbili. Miezi mingine kwa saa tatu. Ile saa nne asubuhi ya TodayTix ni saa sita mchana Dodoma wakati wa kiangazi chao, na saa saba wakati wa baridi. Ijumaa ya National Theatre ni saa tisa alasiri au saa kumi.

Kinachowakwamisha watu wa kwetu mara nyingi si bei bali kadi. Tovuti hukushikia kiti kwa dakika chache tu, na benki nayo inatuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe wa simu. Ujumbe ukichelewa, kiti kimekwenda. Hakikisha laini iliyosajiliwa benki iko hewani, hata ukiwa safarini, na kwamba kadi imefunguliwa kwa manunuzi ya nje. Jaribu kwanza kwa kitu kidogo. Na usinunue chochote kabla viza haijatoka: tiketi hizi kwa kawaida hazirudishiwi pesa, pengine hubadilishwa tarehe tu.

Sasa kiti cha pauni 35. Huenda kilikuwa nyuma au pembeni, na Apollo Victoria, uliojengwa 1930 kuwa sinema, ni mpana sana. Sheria ya kumbi zote: safu za nyuma kabisa za chini hufunikwa na sakafu ya ghorofa inayoning'inia juu yako, nayo hukata sehemu ya juu ya jukwaa kama ukingo wa kofia ulioshuka machoni. Katika Wicked, ambako nusu ya kwanza inaishia mchawi akipaa angani, hasara hiyo ni kubwa. Kwa fedha ile ile, safu za mbele za ghorofa hukupa picha nzima. Angalia tu neno *restricted view*: lina maana kuna nguzo, ukuta au chuma cha usalama mbele ya macho yako. Tovuti ya SeatPlan ina picha zilizopigwa na watazamaji kutoka viti vyenyewe. Dakika tano pale zinazidi maelezo yoyote ya muuzaji.

Kiingereza changu ni cha kazini. Watu wananisifia Hamilton, lakini nasikia wanaimba haraka kama mnadani. Nitaelewa? (Fundi, Bujumbura)

Ukienda bila maandalizi, hapana, na si wewe tu. Onyesho hili la maisha ya Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, lina zaidi ya maneno 20,000, mengi yakiwa ya kufokafoka, na hakuna mazungumzo ya kukupumzisha kati ya wimbo na wimbo. Hata mzawa wa lugha hupitwa. Sikiliza nyimbo za nusu ya kwanza mara mbili ukiwa na maneno yake mbele yako, na ujue watu watano: Hamilton, Burr, Washington, Eliza na Angelica. Nusu ya pili anaongezeka Jefferson, akichezwa na mtu yule yule uliyemwona kama Lafayette. Asiyelijua hilo huchanganyikiwa kabisa.

Kuna njia ambayo wageni wengi hawaijui: maonyesho yenye maandishi. Yamepangwa kwa ajili ya viziwi. Kiwambo kando ya jukwaa huonyesha kila neno wakati linatamkwa. Kila onyesho kubwa huwa na siku chache za namna hiyo kwa mwaka, na tarehe huwekwa kwenye ukurasa wa huduma kwa walemavu. Viti vinavyokiona kiwambo vizuri zaidi waachie wanaovihitaji kwanza. Vya jirani yake vinatosha. Kwa mtu mwenye Kiingereza cha kusoma kuliko cha kusikia, hakuna msaada ulio bora kuliko huu.

Na usiwadharau wanaokushauri uanze na onyesho la matendo zaidi ya maneno.

Mke wangu anataka The Phantom of the Opera, mimi Les Misérables. Tuna usiku mmoja. (Bwana na Bibi, Maskati)

Inategemea mnakwenda kuona au kulia.

Phantom imekaa His Majesty's tangu Oktoba 1986, na ukumbi wenyewe ni sehemu ya mchezo, kwa kuwa hadithi inatokea ndani ya jumba la opera. Kandili kubwa la vioo hupanda juu ya vichwa vya watazamaji mwanzoni na kuanguka mwishoni mwa nusu ya kwanza. Hapa pia kiti ndicho kinachoamua: aliye nyuma chini ya ghorofa hulisikia tu. Safu za katikati za chini, au mbele ya ghorofa ya kwanza, ndipo pake. Mashabiki wa zamani wana lalamiko moja, na tunaliona la haki: onyesho liliporudi 2021 wapigaji muziki walipunguzwa kutoka 27 hadi 14. Aliyeisikia kabla ya hapo anaujua upungufu huo kwenye vinanda vya nyuzi. Anayeisikia mara ya kwanza hatoki na malalamiko.

Les Misérables nayo ilianza Oktoba 1985. Kama mmoja wenu aliiona zamani, ajue kwamba jukwaa lile maarufu lililokuwa likizunguka halipo tena. Utayarishaji mpya ulioingia Sondheim kuanzia mwishoni mwa 2019 hutumia picha kubwa za kuakisiwa ukutani. Karibu kila neno huimbwa, kwa muda unaokaribia saa tatu. Someni muhtasari kabla, na msifanye kosa ambalo karibu kila mgeni hulifanya: yale si Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Ni uasi mdogo wa Paris wa Juni 1832, wa siku mbili, ulioshindwa. Ukilijua hilo, vijana wale waasi juu ya kizuizi cha barabarani wanakuumiza moyo tangu wanapoingia, kwa sababu unajua hakuna anayekuja kuwasaidia.

Sisi tungemfuata mumeo, Bibi. Kwa sauti za pamoja za watu thelathini zikikujia kifuani, Les Misérables haina mpinzani jijini. Lakini kama hamjawahi kuingia jumba la aina hii maishani, nendeni Phantom.

The Mousetrap bado inafaa, au ni jina tu? (Msomaji, Nakuru)

Tamthilia hii ya mauaji ya Agatha Christie ilianza tarehe 25 Novemba 1952 na kuhamia ukumbi wa St Martin's 1974. Kilichoisimamisha ni korona peke yake, kuanzia Machi 2020 hadi Mei 2021. Uigizaji ni wa mtindo wa kizamani, chumba kimoja, watu wanane, theluji nje. Usitarajie mbwembwe. Kiingereza chake ni cha wazi na cha polepole, ukumbi ni mdogo, na hata kiti cha bei ndogo hakiko mbali. Mwishoni watazamaji huombwa wasimtaje muuaji. Tunaiheshimu ahadi hiyo, na usimtafute mtandaoni.

Nimesafiri kutoka Birmingham kwa ajili ya mwigizaji mmoja maarufu. Nafika naambiwa leo hachezi. Pesa sikurudishiwa. Ni halali? (Aliyevunjika moyo)

Maumivu yako tunayaelewa, lakini mara nyingi masharti ya tiketi yanasema unanunua onyesho, si mtu. Maonyesho nane kwa wiki ni kazi ya kuvunja mwili. Waigizaji wakuu huwa na siku za mapumziko zilizopangwa, na baadhi ya majukumu makubwa huwa na mtu wa pili anayecheza siku maalumu kila wiki. Siku hizo mara nyingi hutangazwa kwenye tovuti. Zitafute kabla ya kulipa na uziepuke. Ugonjwa hautangazwi. Ukifika, soma ubao wa majina ukumbini mlangoni. Waigizaji wa akiba wa West End ni watu wa uwezo mkubwa. Wale waitwao *swing* hubeba kichwani majukumu hata kumi, kila moja na nyimbo zake na hatua zake, na huambiwa lipi wanacheza jioni ile ile. Mpe nusu saa kabla ya kumhukumu.

Tiketi yangu imeandikwa 7.30. Niko sahihi kwamba ni saa moja na nusu? Na naweza kwenda na sanduku moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege? (Mwanafunzi, Kigali)

Saa moja na nusu usiku, ndiyo. Ile ya mchana ya 2.30 ni saa nane na nusu. Wapo walioisoma 2.30 kuwa saa *mbili* na nusu usiku, wakafika na kukuta onyesho lao la mchana limekwisha zamani.

Sanduku hapana. Kumbi nyingi hazina pa kuliweka na mlangoni mabegi makubwa hukataliwa. Na usiku wa kuwasili utasinzia. Weka onyesho siku ya pili. Fika nusu saa kabla, uende chooni hapo hapo: majumba haya ya zamani yana vyoo vichache, mapumziko ni dakika kumi na tano hadi ishirini, na foleni ya wanawake huanzia kwenye ngazi. Ghorofa ya juu kabisa huwa na joto, ngazi nyingi na mara nyingi haina lifti, kwa hiyo usimnunulie mzazi wako tiketi ya huko kwa sababu ni rahisi. Mavazi ni yoyote ya heshima.

Ninafundisha fasihi na wanafunzi wangu wamesoma Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere. Nitapita London Juni. Kusimama Globe kwa saa tatu kuna faida gani kuliko kukaa? (Mwalimu, Unguja)

Mwalimu, simama. Hili tunalisema bila kusita.

Globe ya leo, iliyojengwa kwa mfano wa ukumbi wa zamani wa Shakespeare, ilifunguliwa 1997 kwa juhudi za mwigizaji wa Kimarekani Sam Wanamaker, aliyefariki 1993 bila kuiona imekamilika. Ni ya mbao, ya duara, na paa lake la matete ni la kwanza la kuezekwa hivyo kuruhusiwa London tangu moto mkubwa wa 1666. Katikati ni uwanja usio na paa wenye nafasi za watu 700 wa kusimama, kuanzia pauni 5. Waigizaji wanawaona watazamaji na wanazungumza nao. Antoni anaposema na raia wa Roma, aliyesimama uwanjani ndiye raia mwenyewe. Jambo hilo kitabuni hulisomi, na kwenye kiti cha ghorofani hulipati lote.

Masharti ni haya. Kuketi uwanjani hakuruhusiwi wakati wa mchezo. Mwavuli hauruhusiwi hata mvua ikinyesha, na mchezo hausimami. Chukua koti la mvua lenye kofia. Vaa viatu vya kutembelea, kunywa maji kabla, na usije na njaa, kwani siku za joto watu huzimia. Milango inapofunguliwa ingia mapema uchague moja kati ya sehemu mbili: kuegemea ukingo wa jukwaa lenyewe, ambako viwiko hupata pa kupumzika na mate ya waigizaji hukufikia, au kuegemea ukuta wa nyuma. Katikati huna pa kushika, na nguzo mbili za jukwaa hukuziba kila wanapohama. Onyesho la usiku ni rahisi kwa miguu kuliko la mchana wa jua.

Kama mgongo hauruhusu, nunua kiti cha ghorofa ya kati na ukodi mto, kwa sababu mabenchi ni mbao tupu. Majira ya baridi kuna ukumbi mdogo wa ndani uliofunguliwa 2014, unaowashwa kwa mishumaa.

Waambie pia wanafunzi wako kwamba Kiswahili kimeshapanda jukwaa hilo. Mwaka 2012, Globe ilipokaribisha tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, kundi kutoka Kenya lilicheza *Wanawake wa Heri wa Winsa* kwa Kiswahili kitupu, na wale waliosimama uwanjani, wengi wao wasiojua neno hata moja, walicheka pamoja na Waswahili waliokuwa kati yao.